Sura ya Sita: Nani Atakaa Nawe Ukisikiliza Ndoa za Watu?

Tangu 1971 sheria ya Tanzania Bara imekuwa ikiwalazimisha wanandoa wanaogombana kupita kwa wapatanishi kabla ya kwenda kwa hakimu. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mtu kufungua shauri la talaka mpaka mgogoro uwe umefikishwa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza lenyewe liwe limetoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu kinachofuata kinataka baraza liwepo kila kata. Wajumbe wake ni mwenyekiti na wengine wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Zipo hali chache zinazomruhusu mtu kuiruka hatua hiyo, kama vile mwenzi aliyetoroka asijulikane aliko. Lakini kwa walio wengi wa Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za kusini ambazo kwa pamoja zilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu laki nne kwenye sensa ya 2022, njia ya kwenda mahakamani inapita kwa wazee wa kata, au kwa baraza la Waislamu la Bakwata, au la kanisa. Sheria ilitaja idadi ya wajumbe. Mafunzo haikuyataja.

Chukua kikao cha kawaida kwenye ofisi ya kata. Mume amekaa upande huu, mke upande ule, na nyuma ya mke amekaa mjomba wake, kofia magotini. Mwenyekiti anafungua daftari, anaandika tarehe, kisha anasema: “Haya, mlalamikaji ni mama. Tumsikie yeye kwanza.” Mke anawaamkia wazee, halafu anaeleza kwamba fedha za korosho ziliingia kwenye akaunti ya mume, zikaisha kabla sare za watoto hazijanunuliwa, na alipouliza akapigwa kofi. Mume anakiri kofi, anakana fedha. Mzee mmoja anamwambia mke, “Mwanangu, nyumba ni uvumilivu, na watoto wako bado wadogo.” Mwingine anamkemea mume kwa ukali ambao mume ataukumbuka akifika nyumbani. Mjomba anauliza shamba la mikorosho ni la nani. Kuanzia hapo mazungumzo yote yanageuka ya shamba, na saa nzima inapita bila mtu kumuuliza yule mama, akiwa peke yake, kama usiku wa leo atalala kwa amani.

Wazee wale si watu wabaya. Wanatoa muda wao, wanaijua historia ya kila nyumba, na ndoa nyingi zimesimama tena kwa sababu yao. Wanachokosa ni ujuzi ambao unaweza kufundishwa: kujua nani asikilizwe peke yake na wakati gani, kuzuia kikao kisigeuke kesi ya ardhi, kusikia kinachosemwa na anayenyamaza. Ujuzi huo ni fani kamili yenye vitabu vyake, walimu wake na mitihani yake, na vijana wa wilaya hizi wana haki ya kuusomea.

Kazi ya kusikiliza ndoa huku inafanywa na watu wengi wasio na cheo chake. Yupo mwalimu wa malezi, muuguzi wa kliniki ya VVU (CTC), afisa ustawi wa jamii, askari wa dawati la jinsia na watoto, katekista, mke wa mchungaji, imamu, kungwi. Sura hii ni ya yule miongoni mwao mwenye shahada ya kwanza, ambaye watu wanamgongea mlango jioni, na sasa anataka kusoma masters ya ushauri wa ndoa na familia. Uamuzi huo utamgharimu miaka miwili, akiba yake, na pengine kiwanja alichokuwa amejiwekea. Anastahili kusaidiwa kuchagua.

Wengi huanza kwa kuuliza jina la chuo, ada na muda. Mimi nasisitiza swali jingine litangulie: nikiwa mwanafunzi, nitaketi na wanandoa wangapi, na nani atakaa nami baada ya kila kikao kunionyesha nilichokifanya?

Swali hili lina historia. Washauri wa ndoa wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1942, na California ikawa jimbo la kwanza kuwapa leseni, mwaka 1963. Kwa miaka mingi chombo kinachokagua programu zao, COAMFTE, kilidai mwanafunzi wa uzamili amalize saa 500 za kuketi na wateja, nusu yake akiwa na wanandoa au familia kwa pamoja, na juu ya hizo saa 100 za kusimamiwa. Viwango vimerekebishwa tangu hapo, lakini sababu yake haijabadilika. Mtu mmoja akikueleza shida zake, unasikiliza. Wawili wakikueleza shida ileile kwa namna mbili zinazopingana, huku kila mmoja akikutazama kuona uko upande gani, ule utulivu uliokuwa nao kwa mtu mmoja unakutoka. Hakuna mhadhara unaoweza kukuzoesha hali hiyo. Utazoea kwa kuketi na watu, kukosea, na kuwa na mtu mzima wa fani aliyekuona ukikosea.

Usimamizi ukifanywa vizuri unafanana hivi. Umerekodi kikao kwa idhini ya wateja. Msimamizi anasikiliza nawe, kisha anasimamisha sauti. “Hapa mama alianza kulia, nawe ukamgeukia baba ukamuuliza habari za kazi. Uliogopa nini?” Unajitetea. Anarudisha nyuma, mnasikiliza tena sekunde kumi zilezile, na safari hii unasikia mwenyewe jinsi sauti yako ilivyopanda. Pengine unamkumbuka mama yako mzazi. Msimamizi hakuachi uondoke mpaka mmejua swali gani utaliuliza wiki ijayo. Mwanafunzi aliyepitia hayo mara nyingi anatofautiana sana na aliyemaliza kwa mitihani na tasnifu peke yake, hata kama vyeti vyao vina maneno yaleyale.

Kwa hiyo ukiwasiliana na chuo, omba kuona mtaala wenyewe, si kipeperushi. Tafuta sehemu ya mafunzo kwa vitendo. Kama imeandikwa wiki nane tu na haisemi saa ngapi wala nani anasimamia, uliza. Kama jibu ni “utajitafutia mahali,” uliza tena: nikipata mahali Nachingwea, msimamizi wangu atanifikiaje? Siku hizi usimamizi kwa simu na kwa video unawezekana, na kwa mtu wa kusini hiyo si anasa. Lakini iwe imepangwa, yenye siku na saa, na si ahadi ya “tutaangalia.”

Masomo yenyewe yako wapi? Hapa nyumbani, ukitafuta shahada ya uzamili yenye ndoa na familia kwenye jina lake utahangaika. Mara nyingi somo hilo limo ndani ya shahada nyingine. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha uzamili wa saikolojia ya kitabibu, na hiyo ni njia ya anayetaka kufanya kazi hospitalini, karibu na madaktari wa akili, akishughulika na sonona, ulevi na majeraha ya moyo ambayo ndiyo mara nyingi yamejificha nyuma ya ugomvi wa ndoa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uzamili wa saikolojia ya jamii. Ustawi wa jamii una Taasisi yake Kijitonyama, iliyoundwa kwa sheria ya 1973. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, kinafundisha uzamili wa ustawi wa jamii, na kwa kuwa kina vituo Lindi na Mtwara, mtumishi wa Ruangwa anaweza kusoma bila kuacha kazi. Uhuru huo ni mkubwa, na una bei yake. Kusoma peke yako kunahitaji nidhamu, na mafunzo ya vitendo utapaswa kuyasukuma mwenyewe.

Kenya wametutangulia kwa jina la fani. Chuo Kikuu cha Pan Africa Christian, Nairobi, kina uzamili wa tiba ya ndoa na familia hasa. Daystar na USIU wana uzamili wa saikolojia ya unasihi, ambao unagusa ndoa bila kuishia hapo. Kenya pia ilipitisha Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia mwaka 2014, inayosajili watu wa kazi hii. Kwa mwanafunzi hilo lina maana ya moja kwa moja, kwa sababu chuo kinachofundisha watu watakaosajiliwa kinalazimika kuwa makini na saa za vitendo. Ukienda huko, kumbuka wateja wako wa mazoezi watakuwa wa Nairobi. Kiswahili chao si cha Mnero wala cha Mandawa, na mgogoro wao mara nyingi ni wa kodi ya nyumba na foleni ya matatu, si wa shamba la urithi. Utajifunza mengi, kisha utarudi na kuanza kujifunza upya. Na ukirudi, shahada hiyo itahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Uliza habari za utambuzi kabla ya kulipa ada, si baada ya mahafali.

Kuhusu shahada za mtandaoni za Marekani na Uingereza nina neno fupi. Zipo nzuri. Lakini leseni ya Marekani hutolewa na jimbo kwa ajili ya kazi ya jimbo hilo, na programu ya kweli itakutaka upate mahali pa mazoezi na msimamizi inayemkubali. Programu isiyokuuliza chochote kuhusu mazoezi, inayokuahidi cheti kwa miezi kadhaa na malipo kwa kadi, usiipe fedha zako.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ambalo vipeperushi vya vyuo havilisemi, ni hili: kila kozi ya familia ina familia fulani kichwani. Waliotunga nadharia walikuwa wanatazama watu fulani, katika nyumba fulani, na mara nyingi nyumba hiyo ilikuwa ya baba, mama na watoto wawili katika mji wa Marekani. Mwanafunzi anafundishwa kuchora jenogramu, ule mchoro wa ukoo wenye miraba ya wanaume na duara za wanawake, na anaanza na mume na mke katikati ya karatasi.

Huku kusini, Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye mwenye neno juu ya wapwa, na kwa desturi mwanamume alikwenda kuishi na kulima kwa wakwe. Uislamu, Ukristo, sheria za nchi, ajira na vijiji vya Ujamaa vimebadilisha mengi, na leo utakuta nyumba zinazofuata kwa baba kabisa, nyingine zinachanganya. Lakini mjomba hajaondoka. Yule aliyekaa na kofia magotini kwenye baraza hakuja kama shahidi. Shamba likiwa la ukoo wa mke, mume aliyepanda mikorosho miaka kumi na mitano anajua kwamba talaka inaweza kumwacha mikono mitupu, na hofu hiyo inatoka kama hasira juu ya chumvi kwenye mboga. Mshauri aliyeanza mchoro wake na mume na mke hataiona. Atawafundisha kuzungumza kwa upole, watamwitikia, watarudi nyumbani, na wiki ijayo hawatakuja.

Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi na familia maskini za New York na baadaye Philadelphia, alikuwa mkali katika jambo hili. Kitabu alichoandika na wenzake mwaka 1967 kilihusu familia za vitongoji duni, na swali lake la kudumu lilikuwa nani ana amri ndani ya nyumba, nani yuko karibu na nani, na mpaka uko wapi. Maswali hayo yanafaa sana Ruangwa, mradi mwalimu awe tayari kukubali kwamba mwenye amri anaweza kuwa anaishi kijiji cha tatu na anakuja kwa bodaboda. Ukipata nafasi ya kuongea na mhadhiri kabla ya kujiunga, muulize: mkifundisha familia, mnafundishaje ukoo wa mama? Mhadhiri asiyejua lakini akachangamka na kukuuliza maswali ni mwalimu mzuri. Anayekujibu kwamba “hayo ni mambo ya mila, sisi tunafundisha sayansi,” mshukuru na utafute kwingine.

Nachingwea mjini mambo yanazidi kuchanganyika. Mji huo ulikuzwa na mradi wa Waingereza wa karanga, ule ulioanza 1947 ukatelekezwa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na uliojengewa reli yake kutoka pwani ambayo baadaye iling'olewa. Baada ya hapo zikaja kambi, chuo cha ualimu, ofisi za wilaya. Ndiyo maana utakuta askari wa Kagera amemwoa mwalimu Mmwera. Mume amekulia kwenye ukoo wa baba, ambako mahari hulipwa na watoto ni wa upande wake bila mjadala. Mke amekulia mahali ambapo kaka wa mama yake ndiye anayeulizwa. Wakigombana kuhusu mtoto asome wapi, wanagombana kuhusu koo mbili zisizohesabu kwa namna moja, na kila mmoja anaamini mwenzake ni mkaidi tu. Kozi nzuri itakuzoesha kuziona koo hizo kabla ya kumuona mkaidi.

Hapa namkumbuka Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi, dayosisi iliyoundwa 1926. Wamisionari wengi wa wakati wake walitaka jando na unyago vifutwe. Lucas aliamua kuviingiza kanisani kwa sura ya Kikristo. Wanahistoria wamebishana kuhusu alichokiokoa na alichokiharibu, na ubishi huo una haki. Lakini alianza kwa kuuliza desturi ile inafanya kazi gani katika maisha ya watu, na mwanafunzi wa tiba ya familia anayerudi kusini anapaswa kuanza hapohapo. Kungwi ana kitu ambacho chuo hakina. Anaweza kuzungumza habari za mwili na kitanda kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kwa mafumbo na nyimbo, bila kumvunjia mtu heshima. Mshauri aliyesoma yote kwa Kiingereza mara nyingi hufika kwenye jambo hilo akakwama, akaazima maneno ya kliniki, na wateja wakainamisha vichwa. Wakati huohuo kungwi amefundisha vizazi vya wanawake kubeba uzito wa nyumba peke yao, na hilo sitalifunika. Chagua programu inayokuruhusu kufanya mazoezi kwa Kiswahili, kuandika kumbukumbu za vikao kwa Kiswahili, na ikibidi kumkaribisha mtu kama huyu awe mwalimu wako kwa siku kadhaa.

Lipo pia suala la kalenda. Kusini ndoa zina msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, mkulima amepeleka mzigo kwa chama cha msingi, ukapita ghalani, fedha zikaingia benki. Miezi hiyo nyumba nyingi hupata kwa mkupuo fedha za mwaka mzima, na akaunti mara nyingi ina jina moja tu. Watu wa huku wanajua vizuri yanayofuata: nguo, pikipiki, wakati mwingine mke wa pili. Kufika Machi au Aprili akiba imekwisha, salfa ya kupulizia mikorosho inahitajika, na lawama zinaanza. Msimu wa 2018/19 serikali iliponunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa kwa wakulima wengi, ndani ya nyumba mkopo wa dukani ulisubiri na mume na mke walitazamana. Mshauri anayejua hili atawaita wanandoa Septemba, kabla ya mnada, wakae na karatasi wapange fedha ambazo hazijafika. Kazi hiyo ni tiba ya ndoa kamili, na programu yenye somo la uchumi wa kaya inastahili alama ya ziada kwenye hesabu zako.

Usidhani kwamba ni Ulaya na Marekani peke yake zinazozalisha maarifa ya fani hii. Ncazelo Ncube, mwanasaikolojia wa Zimbabwe, akishirikiana na David Denborough wa Australia, alitengeneza njia ya Mti wa Uhai kwa ajili ya watoto waliofiwa kwa sababu ya UKIMWI. Mtoto anachora mti, mizizi ikiwa ni alikotoka, ardhi ni anakoishi sasa, shina ni uwezo alio nao, na kwa njia hiyo anaeleza msiba wake bila kuzama ndani yake. Zimbabwe hiyohiyo daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba waliohudumiwa na mabibi hao walipata nafuu kubwa ya sonona na wasiwasi kuliko waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Ukiona mtaala hauna jina hata moja la Kiafrika, umejifunza kitu kuhusu programu hiyo.

Vitabu vya maadili ya unasihi vinamtaka mshauri asiwe na uhusiano mwingine na mteja. Jaribu kulitimiza hilo Ruangwa. Mteja wako ni mama wa mwanafunzi wako, mnaswali msikiti mmoja, dada yake anakuuzia nyanya, na mumewe ndiye fundi aliyekuezekea. Ukikataa kila unayemjua, hutakuwa na mteja. Ukikubali bila mpango, siri za watu zitatembea, hata kama si mdomoni mwako, maana mtu akionekana mlangoni kwako saa kumi jioni mtaa mzima umeshajua ana shida nyumbani. Dawa zipo. Ofisi iwe ndani ya kituo cha afya ambako mtu anaweza kuwa amefuata jambo lolote, mkubaliane tangu kikao cha kwanza mtasalimiana vipi sokoni, daftari lisilo na majina lifungiwe. Muhimu zaidi ni msimamizi aliye mbali, wa Mtwara au Dar es Salaam, ambaye hamjui yeyote kati yenu. Uliza programu inafundishaje maadili kwa mshauri wa mji mdogo. Kama wana jibu, wameshawahi kupata mwanafunzi kama wewe.

Kuna somo moja ambalo likikosekana kwenye mtaala, usijiunge hata ukipewa ufadhili: kupima hatari ya ukatili kabla ya kuwaketisha mume na mke pamoja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake wanne katika kila kumi wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wameshapata kipigo au ukatili mwingine wa mwili tangu wafikishe miaka 15. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hata hivyo mabaraza huwaketisha pamoja, na mshauri asiyefundishwa naye huwaketisha pamoja, kisha mke akisema ukweli anaulipia usiku. Mtu aliyesomea hili humuona kila mmoja peke yake kwanza, huuliza maswali ya moja kwa moja kuhusu kupigwa, kutishiwa na silaha, na hujua wakati wa kuacha upatanisho na kumpeleka mtu dawati la jinsia, hospitali au kwa ndugu walio salama. Mpenzi msomaji, hili ndilo lililonifanya niandike sura nzima badala ya ukurasa.

Mengine yanahitaji hesabu tu. Vyuo vyetu aghalabu hutaka GPA ya 2.7 kwenda juu kwa shahada ya kwanza, na aliye chini yake anaweza kuulizia kupitia stashahada ya uzamili. Mtumishi wa umma apate ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kujisajili, na ajue kama mshahara utaendelea. Tenga fedha za nauli za mazoezi na simu za usimamizi, maana hizo haziandikwi kwenye jedwali la ada. Zungumza na mwenzi wako pia. Masomo haya yanamrudisha mtu nyumbani akiwa na macho mapya juu ya ndoa yake mwenyewe, na mwenzi asiyeandaliwa huumia.

Kabla ya kutuma maombi, fanya mambo mawili. Kwanza, nenda kwa mwenyekiti wa baraza la kata yako, umwombe kwa heshima uhudhurie vikao kadhaa ukiwa kimya, kwa ridhaa ya wahusika. Sheria inampa Waziri uwezo wa kutambua baraza lililoundwa na jumuiya yenyewe, kwa hiyo mlango wa mtu aliyesoma kuingia katika kazi hii ya kisheria uko wazi. Wazee wakikujua mapema, hutarudi kama mtu aliyekuja kuwanyang'anya nafasi yao. Pili, fika hospitali ya wilaya, au hospitali ya Wabenediktini ya Ndanda ikiwa karibu nawe, na ofisi ya ustawi wa jamii. Uliza kama watakupokea kwa mazoezi, siku ngapi kwa wiki, na kama kuna chumba chenye mlango unaofungika.

Ukishapata majibu hayo, mwandikie mratibu wa kila programu unayoifikiria barua moja ileile. Mweleze unaishi wapi, familia unazotarajia kuzihudumia zinahesabu ukoo vipi na zinapata fedha lini, mahali gani pamekubali kukupokea, na kikao gani ulichokishuhudia ambacho hukujua ungekifanyaje. Kisha muulize nani atakusimamia, kwa njia gani, mara ngapi kwa mwezi, na kwa lugha ipi. Wengine hawatajibu. Wengine watakutumia jedwali la ada. Yule atakayekurudishia jina la msimamizi, siku yake ya kikao, na swali moja kuhusu yule mjomba, mpelekee maombi yako.